X Nyekundu Ntobeye

Nilipaka X nyekundu kwenye choo cha mwenyekiti wa kitongoji. Naanza na hilo kwa sababu wengine wakisimulia habari hii huanza na miti, na ukianza na miti mimi naonekana jambazi wa misitu. Miti itafuata baadaye. Kwanza choo tu, bati moja juu, gunia badala ya mlango, na ukuta wa udongo uliosiribwa ukasiribika. Ukuta wa namna hiyo, kama una brashi mkononi na rangi imebaki nusu kopo, huwezi kuupita hivi hivi. Labda wewe unaweza. Mimi niko kidato cha tatu.

X niliipaka kwa utulivu, na chini yake nikaweka namba. X bila namba ni utoto. X yenye namba ni ofisi.

Rangi ilikuwa ya Mama. Mama ana karakana ya useremala mjini Ngara, chini kidogo ya soko, na kwa miaka mingi kazi zake zilikuwa milango, vitanda na majeneza, hasa majeneza, kwa kuwa mtu anaweza kuahirisha kitanda. Kisha kampuni moja ya asali huko Biharamulo ikamwagiza mizinga ya kisasa, ile ya masanduku, mingi kiasi cha kumfanya aajiri vijana wawili zaidi na kuacha kabisa kupokea misiba. Alisema waziwazi, mbele yetu wote, kwamba oda hii ikiharibika vijana wale wataondoka na sisi tutarudi kuchonga majeneza. Fundi mkuu alifurahi kuliko wote. Yeye alikuwa amechoka kupima watu.

Oda ilikuja na masharti. Mbao zisitoke porini wala hifadhini, zitoke kwenye miti iliyopandwa na mtu anayejulikana, iliyokomaa, na mwenyewe awe amekubali. Na kila ubao uweze kufuatwa hadi kwenye kisiki chake. Asali yao inauzwa mbali, na wanaoinunua huko mbali huuliza mpaka sanduku alilolala nyuki. Nyuki mwenyewe hajaulizwa kitu.

Mimi niliona ni mzaha wa watu walioshiba. Mama hakuona hivyo. Zamani mbao zilimfikia jioni, juu ya fuso, zimefunikwa turubai, na muuzaji akiulizwa zimetoka wapi alijibu, "Huko." Mama alikuwa amenunua mbao za Huko kwa miaka yote hiyo. Nadhani alikuwa amechoka na Huko kama fundi alivyochoka na maiti.

Basi akaanza kuzunguka vijijini, Mbuba, Keza, hadi Ntobeye, akitafuta watu wenye migrivelia. Ni miti inayopandwa mipakani mwa mashamba na katikati ya kahawa ili kuipa kivuli, na mbao zake hazina makuu, zinakubali msumari. Kule Ntobeye akampata bibi mmoja mjane ambaye marehemu mumewe alipanda migrivelia kuzunguka shamba lote. Wakakubaliana. Mama atachagua iliyokomaa tu, michache kila msimu, na kila mti ukianguka ataleta miche ya kuziba pengo. Bibi alimwambia, "Chukua mikubwa, mwanangu. Midogo niachie, kahawa isiungue."

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mti ukikatwa, kisiki kinapakwa namba nyekundu, na namba hiyo hiyo inapakwa kwenye vichwa vya mbao zilizotoka kwenye mti huo. Ubao ukikatwa vipande karakanani, namba inahamishiwa kwa penseli kwenye kila kipande. Mkaguzi wa kampuni akija anashika kipande chochote, anasoma namba, anapelekwa kwenye kisiki. Ndiyo sababu siku moja ya likizo nilitumwa Ntobeye na kopo la rangi. Vijana walikuwa na kazi, fundi alikuwa na mgongo, mimi sikuwa na kitu.

Visiki nilivimaliza mapema. Sikuharibu hata kimoja, na hilo naomba lisisahaulike. Bodaboda wa kunirudisha alikuwa hajafika. Nikaanza kushuka na njia ya miguu kuelekea barabarani, kopo mkono mmoja, brashi mkono mwingine, na mti wa kwanza ukawa karibu mno. Nikaupiga X. Wa pili ukaonekana kama umeonewa kwa kuachwa. Nikaenda hivyo, kushoto na kulia, X na namba, X na namba, ukuta wa mashine ya kusaga, mgomba mmoja, na mwisho choo cha mwenyekiti, ambacho nimeshakieleza.

Bibi mwenyewe alinikuta njiani, anatoka kusaga, debe la unga kichwani.

"Shikamoo Bibi."

"Malahaba, mjukuu wangu. Hiyo langi ni ya selikali?"

Sasa hapa ndipo mtu mwenye akili anasema hapana. Lakini swali lilikuwa limekaa vizuri sana, kama mpira uliosimama mbele ya goli, kipa hayupo.

"Ndiyo, Bibi. Ya serikali."

"Wanaleta balabala?"

"Sijui, Bibi. Mimi nimetumwa tu."

Akaitazama miti kwa muda, debe halikutikisika. Akasema asante. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi Ngara mpaka dereva wa bodaboda akaniuliza kama naumwa.

Kwetu kila mtu anajua maana ya X nyekundu. Ukiipata kwenye nyumba, barabara inapita sebuleni kwako. Ukiipata kwenye mti, ni nguzo za umeme au ni barabara, yote mawili mti unaondoka, na kama utalipwa fidia au hutalipwa ni habari ya wajukuu. Kwa hiyo mtu mwenye busara hangoji. Anakata mwenyewe kabla hawajaja kukata wao, angalau apate mbao. Asiye na X naye anakata, maana leo jirani, kesho wewe. Haya yote niliyajua. Nilichokuwa sijui ni kwamba watu wangeniamini mimi.

Ilipofika Jumapili baada ya misa, barabara ilikuwa imeshapata upana. Wiki ilipoanza chenso zilikuwa zinalia Ntobeye kuanzia asubuhi. Hayo niliyasikia baadaye. Mimi nilikuwa nyumbani nimelala kifudifudi nasoma hadithi.

Wiki hiyo Mama alikuwa Biharamulo kupeleka mzinga wa mfano. Karakana aliiacha mikononi mwa fundi, na fundi ni mtu mwaminifu ambaye hajawahi kuona bei ikishuka akanyamaza. Mbao zikaanza kuingia. Zilikuja kwa bodaboda, zilikuja kwa baiskeli, zilikuja kwenye kichwa cha mzee mmoja aliyetembea nazo hadi kituo cha gari. Wote walitoka Ntobeye, wote walisema wamesikia Mama ananunua migrivelia, na wote walitaka kuondoka haraka. Fundi alizichukua. Akasema ni migrivelia ile ile ya Ntobeye ile ile, tofauti iko wapi? Akazichanganya na zetu, akawaambia vijana wakate, na kwa jinsi kazi ilivyowanogea hakuna aliyekumbuka penseli. Vichwa vya mbao vyenye namba vilichemshia chai. Chai hiyo niliinywa.

"Msomi," fundi aliniambia akipuliza kikombe, "Mungu akifungua hafungui dirisha. Anafungua geti."

Mama alirudi na basi la mchana. Aliingia karakanani na mkoba bado begani, akatazama lundo la vipande vilivyokatwa, akatazama mbao nyingine nje zimeegemea ukuta, mbichi, nyembamba, nyingine bado na gome. Akashika moja, akaipima kwa macho upande na upande. Ilikuwa imeanza kupinda kabla hata ya kukauka.

"Hii ni nini?"

"Migrivelia, bosi. Ya Ntobeye."

"Mti huu ulikuwa wa kufungia mbuzi. Nani amekata?"

"Wenyewe. Wanakata wote."

"Wote kwa nini?"

"Barabara inapita. Wamepakwa X."

Mama akaweka ubao chini polepole.

"X ya rangi gani?"

"Si nyekundu? X zote ni—" Fundi akasita. Akalitazama kopo lililokuwa juu ya rafu, kisha akanitazama mimi. Vijana wawili wakanitazama pia, ingawa nadhani wao walikuwa wanafuata tu upepo.

Nilijaribu kutoka kwa njia ya utani. Nikasema hata mimi nimesikia kuna barabara. Hakuna aliyecheka. Nikaeleza yote, pamoja na mgomba, na nilipofika kwenye choo kijana mmoja akaenda nje ghafla kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mama hakunipiga. Alikaa juu ya benchi la kurandia, akavua viatu, akauliza kama vipande vilivyokatwa vinaweza kutenganishwa, vya miti yetu huku na vya watu kule. Fundi akasema haiwezekani. Kipande kikisharandwa, alisema, hakina baba.

Zilizobaki na uhakika ni mbao zilizokuwa chini ya paa, bado nzima, namba zake kichwani. Zilitosha nusu ya oda, pengine pungufu kidogo. Mkaguzi alikuwa anakuja wiki inayofuata.

Fundi alisubiri Mama amalize chai ndipo akaleta wazo lake. Kwa haki yake, halikuwa wazo la mtu mbaya. Lilikuwa la mtu asiyetaka kurudi kwenye majeneza.

"Bosi, visiki si vipo? Sasa hivi Ntobeye ni visiki vitupu. Kopo lipo. Tunaandika namba kwenye vipande, huyu msomi anakwenda kuandika namba zile zile kwenye visiki. Mkaguzi atachagua kipande, tutampeleka kwenye kisiki. Kisiki cha grivelia, ubao wa grivelia. Atasema nini?"

 Vijana walisimama wameshika misumeno bila kukata. Mimi, kusema kweli, nilimwombea fundi. Wazo lake lingeniokoa, na zaidi ya hapo lingenifanya niwe wa lazima.

"Na midogo?" Mama aliuliza.

"Kisiki kidogo anaweza asikione."

Mama alikitazama kikombe. Akasema kesho nivae viatu vya kutembelea, tunakwenda Ntobeye, na kopo libaki.

Tulipofika sikuitambua ile njia. Pande zote mbili kulikuwa wazi, ukiona mpaka bonde la pili, na jua likipiga chini moja kwa moja kama limeajiriwa. Visiki vilikuwa vimesimama viwili viwili, vingine vikubwa, vingi havizidi paja langu kwa mzunguko. Baadhi ya X zangu zilikuwa zimelala chini, kwenye magome yaliyobanduliwa. Nilifanya kazi safi, lazima niseme. Zilikuwa bado zinasomeka.

Bibi tulimkuta shambani, kwenye kahawa. Miti ya marehemu ilikuwa imekwenda yote, mikubwa na ile aliyoomba aachiwe. Wakwe zake walimsaidia kukata. Kahawa ya upande wa juu majani yalikuwa yameanza kujikunja. Alikuwa anakata majani ya migomba na kuyaegemeza juu ya mibuni midogo, moja moja, kama anavalisha watoto kofia. Mama akamsalimia, akanisukuma mbele kidogo, nikasema nilichotakiwa kusema. Kwamba hakuna barabara. Kwamba rangi haikuwa ya serikali. Kwamba ni mimi.

Bibi hakuacha kufanya kazi.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nilikuuliza nikiwa na debe kichwani, ukaniambia ni ya selikali. Nilikuamini kwa sababu ulisema shikamoo vizuli."

Nilikuwa na majibu mengi ya kuchekesha kichwani kabla ya hapo. Sikuona pa kuliweka hata moja. Akanipa jani la mgomba nishike.

Kwa mwenyekiti mambo yalikuwa tofauti. Alitukaribisha kwenye viti, akatutafutia soda, akasikiliza mpaka mwisho mikono magotini. Kisha akamuuliza Mama, siyo mimi:

"Kwa hiyo hakuna barabara."

"Hakuna, Mwenyekiti."

"Wala umeme."

"Wala umeme."

"Mimi nimeshachimba shimo jipya." Akatuonyesha nyuma ya nyumba. Lilikuwa shimo zuri, refu, pembe zimenyooka. Choo cha zamani kilikuwa bado na X yake, na pembeni mtu alikuwa amekizungushia kamba ili watoto wasiifute. "Nilisema wakija kunilipa wakute kila kitu kinaonekana."

Nilimwona amevunjika moyo, na si kwa sababu ya hasira. Mtu alikuwa ameshaishi siku kadhaa pembeni ya barabara kubwa. Aliitisha mkutano mdogo jioni hiyo hiyo, nikarudia maneno yangu mbele ya watu, wengine wakacheka, mmoja akaniuliza kama naweza kuwapaka X ya kurudisha miti. Ikaamuliwa kwamba mvua zikianza nitakuwa nakuja kila Jumamosi kuchimba mashimo ya miche, nianze kwa Bibi. Mpaka sasa naendelea. Mche wa grivelia una majani mazuri, na unakua taratibu kama somo la hesabu. Shuleni habari ilifika kabla yangu. Wananiita Afisa Barabara, hata mwalimu mmoja, ambaye simtaji.

 Kurudi Ngara nilidhani Mama anapanga adhabu. Baadaye nilielewa alikuwa anapanga atakavyozungumza.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja wa makamo, buti za mvua, sauti ndogo. Alikuja na pikipiki yake mwenyewe kutoka Biharamulo, vumbi limemfika kwenye nyusi. Mama hakumpa hata nafasi ya kuchagua kipande. Alimsimamisha katikati ya karakana.

"Zile chini ya paa," Mama alisema, "nitakupeleka kwenye kisiki cha kila moja. Hivi vilivyokatwa siwezi. Vingine ni vya miti yangu, vingine ni vya watu waliokata kwa kuogopa. Vimechanganyika. Vingi vichanga."

Fundi alijifanya anatafuta msumari. Mkaguzi aliokota kipande, akakigeuza, akakirudisha.

"Waliogopa nini?"

"Walipakiwa X kwenye miti yao. Wakadhani ni serikali."

"X? Nani aliwapaka?"

Hapo nilisogea nyuma ya rundo la maranda. Nilikuwa nyumbani kwetu, kwenye karakana yetu, na bado nilitafuta mlango kwa macho.

"Rangi ilikuwa yangu," Mama alisema. "Ilitoka humu."

Mkaguzi alimtazama, akangoja labda kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akaomba apelekwe Ntobeye, wakaenda, akavikagua visiki vyenye namba, akakagua na vile visivyo na namba, ambavyo hakuna aliyemwomba akavione. Aliporudi alisema mbao zilizo chini ya paa zinafaa na mizinga yake itapokelewa. Vilivyokatwa havitapokelewa hata kimoja. Sehemu iliyobaki ya oda atapewa fundi mwingine huko huko Biharamulo. Msimu ujao watarudi kuangalia kama miche imeshika, ndipo wataongea upya. Alisema yote hayo kwa sauti ile ile ndogo, akanywa maji, akawasha pikipiki.

Kijana mmoja kati ya wale wawili aliondoka mwisho wa mwezi. Mwingine alibaki. Kabla hata mizinga haijaisha kukaja msiba wa mtaa wa juu, na Mama akaupokea. Fundi alichukua futi yake akaenda kupima, hakumsalimia mtu.

Lakini siku ile ile ya ukaguzi, pikipiki ilipokwisha kupotelea upande wa sokoni, tulibaki mimi na Mama tunahamisha vile vipande visivyo na baba kwenda nje. Ni kazi ya kuinama, inampa mtu ujasiri kwa kuwa hamtazamani. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mkaguzi kwamba ni mimi. Nilikuwa nimeshaungama Ntobeye nzima, mtu mmoja zaidi angeongeza nini.

Mama aliweka mzigo wake chini, akajifuta vumbi la mbao kwenye mikono, akasema:

"Yule dada kazi yake ni kuuliza kila kitu kimetoka wapi. Ningekutaja wewe, ningemjibu nini?"